Siku Niliyoingia Jumba la Michezo kwa Mara ya Kwanza

Watu wengi wa mashambani, na makarani wengi wa mjini pia, hudhani kwamba jumba la michezo ya kuigiza ni mahali pa watu wenye fedha za kuchezea na saa za kupoteza. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo mpaka mwaka wangu wa pili chuoni. Leo napenda kuwaeleza wasomaji habari za jioni moja niliyokaa katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Nairobi, na jinsi jioni hiyo ilivyonifuata mpaka nyumbani kwetu, ikaketi pamoja nasi jikoni.

MAAGIZO MAWILI YA BABA

Kwetu ni Nyamira, penye milima ya majani chai. Baba yangu ni mkulima. Shamba lake ni dogo. Sehemu kubwa ni michai, kisha kuna migomba karibu na nyumba, na ng'ombe wawili wa maziwa. Siku aliponisindikiza kituoni kupanda basi la Nairobi, alinipa maagizo mawili.

La kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, ndama niliyemwuza juzi ndiye karo yako ya muhula huu. Nairobi kuna mengi. Ukiona watu wamekusanyika wakicheka, wewe pita."

La pili lilikuwa zito zaidi: "Usikanyage kwa baba yako mdogo. Ukiwa na haja ya kitu, niambie mimi."

Yapasa nieleze jambo hili la pili. Baba mdogo ni karani katika ofisi moja huko Nairobi. Yeye na baba ni watoto wa mama mmoja, na wakati huo ilikuwa imepita miaka minne pasipo kuamkiana. Chanzo ni mistari minne ya michai. Babu yetu alifariki bila kuwagawia wanawe shamba mbele ya mashahidi, na hati ingali ina jina lake, kama ilivyo kwa mashamba mengi katika nchi hii. Baba anasema mpaka wapita penye mti wa parachichi. Baba mdogo anasema wapita penye mfereji. Kati ya mparachichi na mfereji ndipo ilipo mistari hiyo minne, na ndipo ilipo nyumba ya bibi yetu, mama yao wote wawili.

Nilitii maagizo yote mawili kwa mwaka mzima na zaidi.

SWALI LA MWALIMU

Siku moja mwalimu wetu wa Kiswahili alituuliza ni wangapi kati yetu waliosoma tamthilia tano au zaidi. Mikono yote ikainuka, maana tamthilia husomwa katika shule za sekondari na huulizwa katika mtihani. Ndipo akauliza ni wangapi waliowahi kuona hata moja ikichezwa katika jumba lililojengwa kwa kazi hiyo. Mikono mitatu tu. Akatutazama kwa muda, kisha akasema, "Basi ninyi mmesoma vitabu vya mapishi, lakini chakula hamjakionja." Akatuagiza kila mmoja aende akatazame mchezo mmoja, na baada ya hapo aandike kurasa nne.

Tikiti ilinunuliwa kwa simu, na sisi wanafunzi tulipunguziwa bei. Hata hivyo fedha zile zilikuwa chakula changu cha siku tatu. Usiku ule sikulala upesi. Nilimwona yule ndama kama kwamba amesimama mlangoni akinitazama. Mwishowe nilijiambia kwamba hili ni agizo la mwalimu, na agizo la mwalimu ni sehemu ya masomo. Kwa hoja hiyo nikapata usingizi, ijapokuwa moyoni nilijua kwamba hata pasipo agizo nilikuwa na hamu ya kwenda.

MAHALI PENYE HISTORIA

Kabla ya kwenda, mwalimu alitusimulia habari za jumba lenyewe, nazo zafaa kujulikana na kila mtu.

Jumba hilo liko kando ya barabara ya Harry Thuku, limeelekeana na hoteli ya Norfolk, si mbali na Chuo Kikuu cha Nairobi. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1904. Karibu na hapo ndipo watu walipokusanyika tarehe 16 Machi 1922, nje ya kituo cha polisi, wakidai Harry Thuku afunguliwe. Walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 20. Barabara ile sasa ina jina la mtu yule waliyemtaka.

Sheria ya kuanzisha Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho jumba hilo ni sehemu yake, ilitungwa mwaka 1951. Jumba lilifunguliwa mwezi wa Novemba 1952, na aliyelifungua ni Sir Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Majuma machache tu kabla ya hapo, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Sir Evelyn Baring alikuwa ametangaza hali ya hatari. Kwa hiyo milango ya jumba ilifunguliwa katika siku zile ambazo Mwafrika hakuweza kutembea mjini usiku bila kuulizwa cheti. Kwa miaka mingi michezo iliyoonyeshwa humo ilikuwa zaidi ya Wazungu, na waliokuja kutazama walikuwa Wazungu, hata baada ya Uhuru wa 1963.

Mabadiliko hayakuja kwa urahisi. Mwezi wa Oktoba 1976 ilionyeshwa humo michezo miwili ya waandishi wa Kenya: The Trial of Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City, wa Francis Imbuga. Michezo hiyo miwili ndiyo iliyochaguliwa kwenda Lagos, Naijeria, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi la mwaka 1977. Mwalimu alitueleza kwamba katika mchezo wa Kimathi, mwishoni, waigizaji walishuka jukwaani wakapita katikati ya watazamaji wakiimba, nao watazamaji wakasimama wakaungana nao, wakatoka nje wote pamoja wakicheza. Kimathi mwenyewe alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, jumba likiwa na umri wa miaka minne.

Lakini mwaka 1982, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walipokuja kuonyesha mchezo wao katika jumba hilo hilo, walikuta milango imefungwa. Hawakupewa ruhusa. Basi msomaji aone: mlango wa jumba la michezo si kitu kidogo. Mara nyingi umekuwa ukiulizwa swali moja, yaani ni nani anayeruhusiwa kuingia na kusema habari zake.

Jumba lilifanyiwa matengenezo makubwa, likafunguliwa tena mwezi wa Septemba 2015. Siku hizi huchezwa humo michezo ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya lugha zetu za nyumbani.

NDANI YA JUMBA

Nilifika mapema, nikiwa na viatu vyenye matope kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Nilijaribu kuvificha chini ya kiti. Punde aliketi karibu nami mama mzee aliyevaa kitambaa kichwani na sweta nene, naye viatu vyake vilikuwa na matope kuliko vyangu. Nilimwamkia, "Shikamoo, nyanya." Akaitika, kisha akaniambia kwamba ametoka mashambani asubuhi ile ile, maana mjukuu wake ataigiza, na kwamba tangu azaliwe hajaingia nyumba kama hii. Nikamwambia hata mimi. Akafurahi sana. Akasema, "Basi tutapotea pamoja."

Viti vimepangwa kwa safu na sakafu imeinama kidogo kuelekea jukwaani, ili aliye nyuma asizibwe na aliye mbele. Jukwaa limeinuliwa. Taa za jukwaa haziko mahali pamoja. Nyingine hutoka juu, nyingine kando, nazo huongozwa na mtu aketiye mbali ambaye watazamaji hawamwoni. Akipunguza hii na kuongeza ile, adhuhuri hugeuka kuwa magharibi mbele ya macho yako. Sikujua kamwe kwamba mwanga waweza kusema kama mtu.

Kisha taa za ukumbini zikazimwa. Mamia ya watu wakanyamaza mara moja. Nimekaa katika kanisa siku ya mazishi na sijasikia kimya kama kile.

KIGODA CHA MAMA

Mchezo ulikuwa wa Kiswahili, wa kikundi kidogo cha vijana. Vifaa vyao vilikuwa vichache: kamba moja iliyolazwa sakafuni, jembe, na kigoda. Juu ya kigoda aliketi mama. Huyo mama ndiye aliyekuwa mjukuu wa jirani yangu, msichana wa miaka ishirini hivi, lakini mgongo wake ulivyopinda na mikono yake ilivyotetemeka, ningeapa kwamba ana miaka themanini.

Mama yule alikuwa na wana wawili. Baba yao amefariki. Mkubwa amebaki shambani, mdogo anafanya kazi mjini. Kamba ni mpaka. Kila mmoja akija huivuta kidogo upande wa mwenzake, na kila kamba inapovutwa, mama hana budi kusimama, kuinua kigoda chake na kukisogeza. Mwanzoni watazamaji walicheka, maana ndugu wale walivizia kama wezi wa kuku. Nami nilicheka. Lakini mara ya nne, mara ya tano, kicheko kilipungua. Mama akawa anahema. Hakuna kati ya wanawe aliyemtazama. Wote wawili walikuwa wakitazama kamba.

Ikafika saa ambayo mkubwa alileta karatasi ya mnunuzi, apate kuuza sehemu ili amshtaki ndugu yake mahakamani. Akatia kidole gumba wino. Hapo nyanya aliyeketi karibu nami akasahau yuko wapi. Akasimama akapaza sauti, "Usitie! Mwanangu, usitie!"

Baadhi ya watu walicheka. Yule mwigizaji, kidole kikiwa bado hewani, aligeuka akatazama gizani kuelekea sauti ilikotoka. Hakusema neno. Alikaa hivyo kwa muda, na kicheko kikafa chote. Sijui kama mchezo ulivyoandikwa ulimtaka angoje. Najua tu kwamba kila mtu ukumbini alikuwa akimngojea, kama kwamba angeweza kubadili nia.

Akatia kidole. Kamba ikavutwa kutoka pande zote mbili kwa nguvu, ikakatika. Ndugu wote wawili wakaanguka. Walipoinuka, mama alikuwa amesimama na kigoda mkononi, akigeuka huku na huku, asione pa kukiweka. Taa zikafifia polepole mpaka ukabaki mwanga mdogo juu ya kigoda tu. Kisha giza.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga mara moja. Nilikuwa nikiona nyumba ya bibi yetu kati ya mparachichi na mfereji.

NILIVYOVUNJA AGIZO LA PILI

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa baba mdogo. Alifungua mlango, akanitazama kama mtu aliyeona mgeni kutoka ng'ambo. Alinikaribisha, mkewe akapika chai, na kwa muda tulizungumza habari za masomo tu. Hatimaye nilimwambia kwamba nimetazama mchezo, nikamsimulia wote, tangu kamba hata kigoda. Sikutaja shamba letu hata mara moja. Haikuwa lazima.

Alinyamaza, akizungusha kikombe chake mezani. Kisha akauliza, "Na yule mama, mwishowe aliketi wapi?"

Nikamjibu, "Hatukuonyeshwa, baba. Taa zilizimika."

Akanipa nauli ya kurudi chuoni. Mlangoni akasema, "Mama yangu anaendeleaje na magoti yake?"

Mwezi wa Desemba nilirudi nyumbani. Usiku wa kwanza, tukiwa jikoni, nilimwungamia baba. Nilimwambia nimetumia fedha kwa mchezo, na nimekwenda nilikokatazwa. Nilitazamia ukali. Baba alichochea moto, akasema kwa sauti ndogo, "Mchezo gani huo wa thamani ya ndama?"

Basi nikausimulia mara ya pili. Sikuwa na taa wala jukwaa. Nilichukua kigoda cha jikoni, nikawa nakisogeza sakafuni kila kamba inapovutwa. Bibi alikuwapo pembeni, akiwa amejifunika blanketi. Nilipofika mwisho, nikiwa nimesimama na kigoda mkononi, bibi alisema neno moja tu: "Nipe." Akakipokea, akakiweka karibu na moto, akaketi juu yake.

Baba alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi hakusema lo lote kuhusu mchezo. Asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma, aliniomba nambari ya simu ya ndugu yake.

Sitaki wasomaji wadhani kwamba mambo yote yamekwisha. Mistari minne ingali ipo, na mpaka haujakubaliwa. Lakini walizungumza. Baba mdogo alikuja baada ya sikukuu, nao wakaenda pamoja kwa chifu kuomba barua ya kuwataja warithi, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ya kupeleka mirathi mahakamani ili hati itolewe katika jina la marehemu. Jambo hilo lilikuwa limewangoja zaidi ya miaka minne, maana barua hiyo yataka warithi wote wajulikane, nao walikuwa hawawezi kusimama katika ofisi moja.

MASHAURI KWA ATAKAYE KWENDA

Kwa wasomaji watakaopenda kujaribu, haya ndiyo niliyojifunza. Kwanza, uliza mapema mchezo ni wa lugha gani, na kama kuna bei ya wanafunzi au ya watu wengi pamoja; shule na vyama huweza kwenda kwa kikundi. Pili, fika mapema, maana anayeingia taa zikiwa zimezimwa huwakanyaga wenzake na kuwakatiza waigizaji. Tatu, zima simu kabisa. Mwanga wake mdogo huonekana toka jukwaani. Nne, usione haya kwa nguo au viatu. Hakuna aliyenitazama viatu.

Tena, si lazima uende Nairobi. Kila mwaka shule na vyuo vyetu hushindana katika michezo ya kuigiza, kuanzia ngazi za chini mpaka ya taifa, na watoto wenu wenyewe ndio waigizaji. Mzazi anayekwenda kuona mifugo katika maonyesho ya kilimo aweza pia kwenda kuona kazi ya mwanawe jukwaani.

Wazee walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na baba yangu huyasema mara nyingi kwa majirani wanaogombana. Lakini ilibidi aone kigoda kikisogezwa jikoni mwake ndipo ayasikie yeye mwenyewe. Hiyo, nadhani, ndiyo kazi ya jumba la michezo.

Zile kurasa nne niliziandika, nikampa mwalimu. Alizirudisha zikiwa na alama nzuri, na chini ameandika swali moja kwa wino mwekundu: "Je, yule mama aliketi wapi?" Safari hii nilikuwa na jibu.